Mlango wa Kushoto

Gari letu la kwanza lilikaa jipya kwa muda wa asubuhi moja tu. Tulilichukua Nairobi mapema, mimi na mke wangu, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limeshagongwa njiani, pale Malili, likiwa limeegeshwa, halina mtu ndani, sisi wenyewe tumesimama kwenye kibanda tukinywa chai na kulitazama.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Mke wangu alikuwa akifundisha shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Kitui, na watu wote, mimi nikiwa mmoja wao, walimwita Mwalimu. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya maji. Yeye ndiye aliyekuwa na leseni. Alijifunza kuendesha akiwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, siku ambazo wanawake wenye kushika usukani Kitui walijulikana kwa sura. Baadhi ya wenzangu ofisini waliona ajabu kwamba mume anakaa upande wa abiria, lakini mimi nilipapenda mahali pale. Siku hiyo tulikuwa njiani kwenda Mukuyuni kwa mama yangu, ambaye alikuwa amewaalika wanawake wa kanisa lake waje waliombee gari.

Lori la mchanga lililokuwa mbele ya gari letu likaanza kurudi nyuma ili ligeuze. Dereva wake alitazama kioo cha upande mmoja. Pembe ya lori ikakwaruza madigadi ya mbele, bati lile la juu ya gurudumu, kisha ikazama kwenye mlango wetu wa mbele wa kushoto. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya mtu aliyekanyaga debe tupu.

Mwalimu aliweka kikombe chini, akamlipa mwenye kibanda, akaenda. Dereva alikuwa ameshashuka. Swali la kwanza Mwalimu alilomuuliza ni kama kuna mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya lori na ameumia. Dereva akasema hakuna. Ndipo akamuuliza lori ni la nani. Lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Kitui, mtu tuliyemfahamu, na kwa kweli hakutusumbua. Tulipomfikia alikubali kosa na kusema atatengeneza, ila katika gereji anayoijua yeye.

Mukuyuni tulifika hivyo hivyo, na mlango umebonyea. Wanawake wa kanisa hawakubadilisha mpango. Walilizunguka gari, wakaliwekea mikono, na bibi mmoja akaweka kiganja chake ndani kabisa ya shimo la mlango na kuomba kuliko wote. Baadaye tukala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na mama yangu akasema gari bado ni zuri, rangi yake ya damu ya mzee inapendeza. Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba litakuwa zuri tena likishatengenezwa vizuri. Neno "vizuri" sikulitilia maanani wakati ule.

Gereji yenyewe ilikuwa upande wa chini wa mji, kiwanja chenye ua wa mabati na magari yaliyolala bila magurudumu. Mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyevaa koti hata kwenye joto la Februari. Alitupokea kwa heshima, akalipapasa gari na kutuambia tusiwe na wasiwasi.

Siku ya kulichukua lilikuwa limeegeshwa kivulini, limeng'arishwa, na mimi nikafurahi. Mwalimu aliomba lisogezwe juani. Juani tukaona kwamba gari lote ni damu ya mzee isipokuwa mlango wa kushoto na madigadi, ambavyo vilikuwa vimeelekea kwenye rangi ya nyanya. Mlango wenyewe ulitaka kuinuliwa kidogo kabla ya kufungwa, na ukifungwa ulilia kama mfuniko wa sufuria. Mwenye gereji akasema rangi itakaa sawa ikipigwa na jua, na mlango utazoea. Tukaondoka nalo.

Mlango haukuzoea. Barabara ya kwenda shuleni kwake na ofisini kwangu ilikuwa ya vumbi jekundu na mawimbi yale yanayotikisa meno, na vumbi lote liliingilia upande wangu. Nilikuwa nikifika ofisini nusu mtu nusu udongo: bega la kushoto jekundu, la kulia safi. Wenzangu walicheka sana, nami nikacheka nao. Nilimwambia Mwalimu kwamba gari ni chombo cha kazi, na kama linawasha na kwenda, inatosha. Hakubishana nami. Alisema tu kwamba tulichopeleka gereji kilikuwa gari jipya, na tulichorudishiwa si hilo.

Jumamosi iliyofuata alirudi gereji, nami nikamfuata. Alikuwa amebeba sumaku kutoka kwenye vifaa vya sayansi vya shule, ile yenye umbo la kwato ya punda, iliyopakwa rangi nyekundu. Mwenye gereji alitoka kutupokea, na mafundi wake wakaacha kugonga wasikilize. Mwalimu aliweka sumaku kwenye mlango wa kulia, ikang'ang'ania. Akazunguka, akaiweka kwenye mlango wa kushoto, ikaanguka chini. Akaiokota, akajaribu juu zaidi, ikaanguka tena. Chini ya rangi hapakuwa na bati la maana. Lile shimo la Malili lilikuwa limejazwa fila, ule uji mzito wanaousugua kwa msasa ukishakauka, badala ya kunyooshwa.

"Mzee," alimwambia, "mimi si fundi. Lakini hapa bati liko wapi?"

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama anavyomuuliza mtoto wa darasa la nne jibu la hesabu alilipataje. Mwenye gereji alitazama sumaku, akawatazama mafundi wake, akasema gari liachwe.

Lilirudi likiwa limepigwa rangi upya, mara hii imekaribiana, na mlango unafunga kwa msukumo mmoja. Sumaku bado ilianguka. Kisha mvua za Machi zikaja. Siku moja, tukitoka shuleni, tulipita kwenye mtaro wa maji, gari likaruka, na kipande cha mlango ukubwa wa chapati kikabanduka na kubaki barabarani. Mwalimu alisimamisha gari, akashuka kwenye matope, akakiokota, akakifunga kwenye leso yake. Maji yalikuwa yakiingia kwenye magoti yangu. Nilitegemea atakasirika, lakini alirudi kwenye usukani ametulia, na sasa najua kwamba alikuwa ameshaamua.

Shule zilipofungwa Aprili, alilipeleka gari gereji, akalikabidhi, na hakuondoka. Aliomba kiti. Wakampa kreti ya soda. Akaketi chini ya mabati karibu na lango, akatoa kiondo alichokuwa akisuka, akaendelea kusuka. Jioni alirudi nyumbani kwa miguu. Kesho yake asubuhi alirudi, na kesho kutwa pia.

Hakumtukana mtu. Aliwasalimu mafundi walipofika, akawaulizia watoto wao, kisha akashika nyuzi zake za katani. Lakini gereji ina wateja, na mteja akimwona mwalimu wa watoto wake ameketi langoni anasuka kiondo, lazima atauliza kuna nini. Naye alijibu. Alieleza kwamba gari lake liligongwa, likatengenezwa hapa, na kipande chake ni hiki. Akafungua leso na kukionyesha. Hakuongeza chumvi. Wengine waliangalia kile kipande, wakaangalia magari yao, wakasema watarudi siku nyingine.

Nilipita pale mchana nikienda kula, nikamkuta akimweleza dereva mmoja wa ofisi ya kilimo. Nilisimama kando nikamtazama. Nilikuwa nimeishi naye miaka mingi, nikamwona akizaa, akizika wazazi wake, akifundisha watoto tisini katika chumba kimoja, lakini sidhani kama niliwahi kujivunia kumjua kama mchana ule. Mimi ningepiga kelele siku moja, halafu ningenyamaza maisha yangu yote. Yeye hakupiga kelele wala kunyamaza.

Jumapili mchungaji wetu alituita pembeni baada ya ibada. Alikuwa kijana mpole, na naamini alitumwa, ingawa hakusema. Alizungumza kuhusu umoja wa kanisa na jinsi ndugu wanavyopaswa kuachiliana makosa. Alisema watu wameanza kuzungumza, na kwamba mwenye gereji ni mtu wa kuheshimiwa. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimeshamsamehe, Mchungaji," alisema. "Tangu ile siku ya kwanza. Sasa nangojea mlango."

Mchungaji akaanza kutabasamu bila kutaka. Jumatatu Mwalimu akarudi kwenye kreti yake.

Yaliyofuata sikuyaona mwenyewe. Alinisimulia jioni, na mwenye gereji naye aliwahi kunisimulia, na masimulizi yao yalilingana. Wiki hiyo, asubuhi kabla wateja hawajafika, mzee yule alikuja akaketi karibu naye juu ya tairi. Akamtazama anavyosuka. Kisha akamuuliza akikosea mstari mmoja hufanyaje. Mwalimu akamwambia hufumua hadi pale alipokosea, hata kama ni kazi ya siku mbili, kwa sababu kiondo kikikosewa chini hakiwezi kusimama. Mzee akauliza kama hachoki. Akamjibu kwamba huchoka sana.

Mzee akaanza kueleza. Zamani, kabla ya kuwa na gereji, alikuwa fundi wa bodi Nairobi, kwenye gereji ya Mhindi mmoja mkali aliyekuwa akipitisha kiganja juu ya bati huku amefumba macho, na akihisi mkwaruzo tu, kazi inaanza upya. Alijifunza kwa mtu huyo. Aliporudi Kitui alikuwa akifanya kila kitu kwa mkono wake. Halafu kazi zikawa nyingi, mwenye lori akisema fanya haraka anafanya haraka, mwenye bima akisema fanya rahisi anafanya rahisi, na yeye akazoea kuvaa koti na kukaa ofisini. Gari letu hakulifanyia kazi mwenyewe hata mara moja. Alitazama tu likiingia na kutoka.

Mwalimu alimwambia kwamba hakuja kumharibia jina. Alikuja kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kwenda na gari hilo. Lililotengenezwa hapa lingekamilishwa hapa.

Mzee aliinuka, akavua koti, akalitundika kwenye msumari.

Alifanya kazi ile mwenyewe. Alikwangua fila yote mpaka bati likaonekana, limejikunja na kupasuka jinsi lori lilivyoliacha. Aliangalia, akasema halifai kunyooshwa tena, akapanda basi kwenda Nairobi na kurudi na mlango mwingine wenye bati lake zima. Madigadi aliyanyoosha kwa nyundo ndogo na kipande cha chuma nyuma yake, akigonga taratibu, akisimama, akipitisha kiganja. Mwalimu alinieleza kwamba alikuwa akifumba macho kama yule bosi wake wa zamani. Mafundi walisimama nyuma yake wakitazama, na hakuna aliyewaambia warudi kazini. Rangi alichanganya, akapaka kwenye kibati, akakianika juani, akakitupa, akachanganya tena, hadi Mwalimu mwenyewe akachoka kumwangalia na kumwambia hiyo ya mwisho inafaa. Mzee akasema bado.

Nilikuwepo siku ya kulichukua. Hakuliegesha kivulini. Lilikuwa katikati ya kiwanja, juani, na sikuweza kusema ni wapi palipogongwa. Mwalimu alifungua mlango wa kushoto na kuufunga, ukatoa sauti nzito, fupi. Akaufungua na kuufunga tena, nadhani kwa raha tu. Sumaku ilikuwa mfukoni mwangu, kwa maana alikuwa ameniagiza nije nayo, lakini hakuiomba. Alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili.

"Hii ni kazi, Mzee," alimwambia. "Hii nitamwonyesha kila mtu."

Na alifanya hivyo. Kwa bidii ile ile aliyokuwa nayo langoni, aliwaambia walimu wenzake, wauguzi wa hospitali, na dereva yule wa ofisi ya kilimo, kwamba kama wana gari lililobonyea waende kwa mzee, lakini wamwombe aishike kazi kwa mkono wake. Niliwahi kumuuliza kama hakuona ni ajabu kumpigia debe mtu aliyemsumbua miezi mitatu. Alinitazama kama hajanielewa. Alisema alichosema langoni kilikuwa kweli, na anachosema sasa ni kweli.

Tulilitumia gari hilo hadi katikati ya miaka ya tisini. Lilibeba watoto wetu, magunia ya ndengu, jeneza la mama yangu, na mabibi harusi wawili. Tulipoamua kuliuza, alikuja mnunuzi kutoka Mwingi, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu makini. Alilizunguka, akachungulia chini, akauliza kama liliwahi kupata ajali. Mimi nilikuwa nikitafuta maneno. Mwalimu akamwambia ndiyo, liligongwa siku tuliyolinunua, na akamtaka atafute ni wapi.

Mtu yule alitafuta kwa muda mrefu. Alipiga magoti, akagonga kwa kidole, akatazama bati kwa pembeni ili aone kama kuna wimbi. Mwishowe akaweka mkono kwenye mlango wa nyuma wa kulia, ambao haukuwahi kuguswa na kitu chochote, akasema ni hapa. Mwalimu akacheka, akamzungusha upande wa pili na kumsimulia yote, tangu chai ya Malili. Mnunuzi alisikiliza akiwa ameegemea mlango ule ule wa kushoto. Mwalimu alipomaliza, mnunuzi alimuuliza kama mzee yule wa gereji bado anafanya kazi.