Katoni Iliyolowa

Nimefanya kazi nyingi nisizozipenda, na katika zote sijaona watu wanaochagua vibaya kama walimu wakuu wanaochagua vitabu. Mnunuzi wa viazi hubonyeza kiazi. Mnunuzi wa koti la mtumba hugeuza mifuko nje, hunusa kwapa. Walimu wakuu siku ile pale Njombe waligonga majalada kwa kifundo cha kidole, kama watu wanaobisha hodi, na jalada lililotoa sauti ya ubao ndilo lililoshinda.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu. Kila kitu kilikuwa kinashuka Makambako: redio, baiskeli, marobota ya makoti ya mtumba ya kafa-Ulaya, na watu kutoka kila mkoa waliokuja kuyauza. Mimi nilikuwa utingo wa lori la mfanyabiashara mmoja wa pale. Shule niliiacha darasa la sita, nikabeba dagaa kutoka ziwani hadi Ludewa, nikafyatua matofali Lugarawa, na popote nilipofika nilikuwa nimeshaanza kuuliza barabara inayofuata inakwenda wapi. Utingo ulinifaa kwa sababu hiyo. Pia ulinifaa kwa sababu mizigo ya watu ina vitu ndani.

Siku moja tulipakia katoni kutoka stesheni ya reli. Wafadhili walikuwa wameleta vitabu vya picha vya watoto, vigawiwe shule za msingi. Nikapanda juu ya mzigo, chini ya turubai, na kabla hatujafika mbali nilikuwa nimefungua katoni moja. Giza lilinisumbua, nikavuta pembe ya turubai nipate mwanga.

Kilikuwa kitabu cha nchi za kaskazini kabisa mwa dunia. Watu waliovaa ngozi na manyoya wanachunga paa wakubwa wenye pembe kama matawi makavu. Mahema ya ngozi yanatoa moshi juu. Dubu mweupe amesimama kwenye barafu, ananitazama mimi. Nilikwenda ukurasa kwa ukurasa, nikarudi mwanzo, nikaanza tena. Mvua ilipotunyeshea karibu na Njombe nilikuwa nimelala, pembe ya turubai iko wazi na katoni iko wazi. Nilipoamka vitabu vya juu vilikuwa vimenywa maji na vya chini vinaendelea kunywa. Nikavirudisha, nikafunga kamba, nikanyamaza. Dereva hakuuliza.

Vitabu vilipangwa kwenye meza ndefu ya ukumbi mmoja. Kazi yangu ilikwisha kwa kushusha, lakini nikabaki, maana dada yangu alikuwa mle. Alinizidi miaka minane, na alifundisha darasa la kwanza kwenye shule ya kijiji nje kidogo ya mji. Alikuwa na watoto tisini na vitabu vinne vya kusomea. Kwa siku mbili alikuwa amempigia magoti mwalimu mkuu wake waje pamoja, na alichokuwa anaomba kilikuwa kimoja tu: safari hii vitabu viingie darasani.

Alikuwa na sababu ya kuomba. Ofisini kwa mwalimu mkuu kulikuwa na kabati la kufuli. Ndani yake kulikuwa na tufe la dunia ambalo bado limevaa nailoni yake, na mpira wa miguu uliokwisha upepo bila kupigwa teke hata moja. Kitu kikiingia humo kilikuwa kimestaafu.

"Kila shule katoni moja!" ofisa akatangaza. "Ukishachagua, hakuna kurudisha!"

Wote wakakimbilia vitabu vyenye picha za Afrika. Vilikuwa vizito, vinang'aa kama sahani mpya. Nikachungulia kimoja. Jua kubwa kama ungo, watu wote peku, wote wanacheka, kila ukurasa ngoma, na twiga nyuma ya nyumba. Kama aliyechora alifika Afrika, basi Makambako hakushuka. Watoto wa Njombe mwezi wa sita huenda shule na sweta mbili, mikono kwapani, na twiga hawajamwona hata kwa kupita.

Mwalimu mkuu alikuwa amekishika kwa mikono miwili.

"Tazama simba huyu, mwalimu. Haya ndiyo mambo yetu."

Akapitisha kidole chini ya mstari wa maandishi, akatikisa kichwa taratibu. "Kiingereza safi."

Hakikuwa Kiingereza. Kiingereza sikielewi, lakini sura yake naijua. Yale maandishi yalikuwa na herufi zenye vinukta viwili juu, kama zimeumwa na mbu. Nikatazama meza nzima: wasomi watupu, wote wanatikisa vichwa.

"Vitaingia darasani, mwalimu mkuu?" dada akauliza.

"Tutaona."

"Tutaona lini?"

"Mwalimu, vitabu kama hivi umpe mtoto mwenye makamasi? Mkaguzi akija tutamwonyesha nini?"

Nilimsubiri dada agombane. Nyumbani alikuwa mkali, aliwahi kumfukuza mchuuzi wa pombe ya ulanzi kwa mwiko. Alitazama chini, akatembea hadi mlangoni ilipotupwa katoni iliyolowa, akainama kwenye kamba. Aligusa lile fundo. Ni fundo la kufungia kuni, yeye ndiye aliyenifundisha nilipokuwa mdogo, na kwa mkono wa kushoto mimi hulifunga kinyume. Akainua macho akanitazama. Nikatazama nje.

"Hii naomba mimi," akasema.

Ofisa akacheka. "Hiyo imeharibika, mama. Siku hizi utingo ndiye mzigo, mzigo wenyewe una nafuu."

"Mwache achukue," mwalimu mkuu akasema, mikono yake bado kwenye simba. "Hata moto unahitaji kuwashwa."

Watu wakacheka. Dada naye akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeomba chumvi akapewa. Nikamdharau. Nimewadharau watu wengi maishani, lakini siku ile yeye nilimweka juu ya wote. Niliibeba ile katoni kichwani, maji yananitiririka shingoni, nikamwambia njiani:

"Dada, siku mbili za kupiga magoti, ukaishia kuokota makapi?"

"Nyoosha shingo. Unaimwaga."

"Ungempigia hata kelele!"

"Nikishampigia, kabati litafunguka?" Nikaona ni maneno ya mtu aliyeshindwa.

Nilipita tena mwezi wa sita. Nilikuwa nimeacha lori, natafuta habari za mashine ya kupasua mbao Kidugala. Asubuhi ile barafu ilikuwa imekaa nyeupe juu ya majani ya viazi, na miti ya miwati imesimama kwenye ukungu. Nikasikia darasa la kwanza kabla sijaliona.

"Ba-ra-fu i-me-ka-a ju-u ya ma-ja-ni!"

Nikachungulia. Vitabu vyangu vilikuwa mikononi mwao, vimevimba kama mikate, watoto watatu au wanne kwa kila kimoja. Dada alikuwa amekata vipande vya karatasi za daftari, akaandika Kiswahili kwa mkono wake, akavibandika kwa uji wa unga juu ya yale maandishi ya vinukta. Kurasa zilizochanika alizishona kwa uzi.

"Huyu mama kavaa koti kama la bibi," mtoto mmoja akasema.

"La bibi lina kifungo kimoja."

"Na hawa ni ng'ombe wa kule. Wamesahau kukatwa pembe."

Dada akaja dirishani. Hakunisalimu.

"Vya simba viko kabatini," akasema. "Mkaguzi amevisifu. Unadhani angeniruhusu nibandike uji wa unga juu ya simba wake?"

Nilikuwa nimekuja na maneno ya kejeli tangu njiani, nikabaki nayo mdomoni.

Nikaenda mlangoni. Msichana mdogo, sweta yake ya nje inamfika magotini, akanizuia kwa mkono.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Umenawa?"

"Mikono yangu misafi."

"Hapana. Mwalimu amesema vililowa kwa sababu kuna mtu alivishika bila adabu."

Darasa likacheka, bila kujua linamcheka nani. Dada alikuwa amegeukia ubao, anaandika, na mabega yake yanatikisika.

Palikuwa na beseni pale mlangoni. Nikanawa, maji yakauma hadi kwenye viwiko, nikafuta mikono kwenye suruali. Msichana akaikagua, juu na chini, akaniambia nioshe tena. Nikaosha tena. Kisha akanisogezea nafasi kwenye benchi, akafungua ukurasa wa dubu, na nilipopeleka kidole akaufunika kwa kiganja chake.

"Mimi ndiye nafunua," akasema. "Wewe tazama."