Kaske Yenye Taa Kushoto

Chabani alipoanza kuokota vyuma, sisi majirani tulidhani amechanganyikiwa. Ilikuwa mwaka 1996. Alikuwa na miezi minane hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, na katika miezi hiyo yote sikumsikia akitoa neno zaidi ya "jambo" na "zikomo", asante ya huku. Mimi Ernestine nilikuwa na cherehani yangu mlangoni, na mlango wangu ulitazamana na wake. Nilimwona kila siku akila nsima, yaani ugali, peke yake, uso ameupa ukuta. Sipendi mtu anayekula hivyo. Inaniuma, na kinachoniuma hunitia hasira.

Siku moja nikamfokea. "We Chabani, iyo sufuria yenye kutoboka unaipeleka wapi? Unataka kutupikia upepo?"

Akajibu bila kucheka, "Mama Arlène, natengeneza kaske, kofia ya mzamiaji."

Nikaacha kushona. Akavuta jiwe, akakaa, akanieleza.

Kwao ni Buyenzi, mjini Bujumbura, na yeye ni fundi wa magari kama baba yake. Alipokuwa mdogo, mfanyabiashara mmoja wa mtaani alikuwa akitundika shuka katikati ya ua na kuonyesha sinema. Wenye tiketi walikaa mbele, kwenye viti. Watoto wasio na kitu walipenya nyuma ya shuka, wakajibana ukutani karibu na jiko, wakatazama kutoka huko. Chabani na mdogo wake Zena waliitazama hapo sinema moja mara saba. Ilikuwa ya mzamiaji aliyevaa kofia kubwa ya shaba yenye taa sikioni, anatembea chini ya bahari akitafuta meli yake iliyozama. Maandishi yalikwenda kinyumenyume, lakini hawakujua kusoma, kwa hiyo hayakuwasumbua. Wakirudi nyumbani, Zena alivaa sufuria ya mama kichwani na kutembea polepole uani kama mtu aliye majini, Chabani akicheka mpaka analia.

Vita vilipoingia mtaani mwaka 1995, walikimbia kila mmoja kwa njia yake. Alipofika Tanzania, Chabani aliambiwa kwamba Zena alionekana na watu waliokuwa wakija Malawi. Alisoma kila orodha iliyobandikwa hapa kambini. Akina Zena walikuwepo, wake hakuwepo. Na sisi tunajua jinsi ilivyokuwa: kwa woga, watu wengi walijiandikisha kwa majina yasiyo yao. Kumtafuta mtu kwa jina ilikuwa kuteka maji kwa pakacha.

"Jina anaweza kubadilisha," alisema. "Lakini akiona kaske hii, hawezi kupita."

Tangu siku hiyo sikumcheka tena. Nilimshonea hata mto wa ndani, wa kuzuia chuma kisimchune kichwa.

Kaske ile ilikuwa mkusanyiko wa vitu visivyojuana. Kichwa kilikuwa sufuria ya shule iliyotoboka. Taa ilitoka kwenye Peugeot 404 iliyofia Lumbadzi. Bomba la hewa lilikuwa mpira wa rejeta ya trekta, aliupata Mponela kwa kumtengenezea mtu pampu. Kioo cha uso alikitoa kwa wauza vyuma wa Lilongwe, mlango wa mviringo wa mashine ya kufulia nguo. Kilikuwa kinene na kimebinuka, ukitazama humo watu wote wanakuwa ukungu. Boliti nazo zilikuwa za baiskeli, za vitanda na za magari, na hakuna nati iliyokubali boliti ya mwenzake. Alizipiga tupa moja moja, miezi mitatu. Taa akaifunga upande wa kushoto.

Ndipo akaja Evariste. Huyu alikuwa na televisheni, video na jenereta, akionyesha filamu karibu na soko la kambi. Baba yake alikuwa karani wa benki Bujumbura, na Evariste hakutuacha tusahau. Aliizunguka kaske mara mbili, akapiga makofi.

"Mais c'est ça! Njo yenyewe, sinema ya mzamiaji! Lakini umekosea, vieux. Taa ilikuwa ku mukono ya kuume. Mi nilikaa ku kiti, mbele kabisa, niliona na macho yangu."

Chabani akabisha, lakini kwa sauti ndogo. Wakaitwa wengine wawili waliowahi kuiona, nao wakasema kulia. Evariste akaahidi kuiweka mlangoni pa video yake, kila mtu aione, mradi taa ihamishwe. "Bantu batanicheka nikiweka kitu ya makosa."

Husemwa penye wengi hapaharibiki neno. Basi hapo ndipo lilipoharibika, na mimi nilikuwepo na nilinyamaza. Chabani alihamisha taa. Nadhani alishachoka kuwa peke yake hata katika kukumbuka. Na kweli, wiki zile watu walimwita Kapteni, wakamsalimia njiani. Alikula nsima ameugeuzia ukuta mgongo. Nilifurahi, mjinga mimi.

Siku moja alikwenda Mponela kutafuta mpira mwingine. Aliporudi jioni, Evariste alitukuta mlangoni kwangu, amejaa kicheko.

"Kapteni, leo mama moja wa kuuza usipa, dagaa ya huku, alinichekesha. Ati kaske iko na makosa, taa njo ya kushoto. Akaniuliza nani aliitengeneza."

"Ukamujibu nini?"

Evariste akajikuna shingo. "Nikasema ni mimi. Ilikuwa tu maneno ya kucheka."

"Na yeye?"

"Akasema, 'Ah. Njo maana. We ulikaa mbele.' Akabeba beseni yake, akaenda."

Chabani akakaa chini, mavumbini. Mimi sikuelewa mpaka aliponieleza, neno moja moja. Ukitazama sinema kutoka nyuma ya shuka, kulia kunakuwa kushoto. Wenye viti waliiona taa kulia. Watoto wa ukutani waliiona kushoto. Hakuwa amekosea hata kidogo.

"Alikuwa namna gani?" akamuuliza Evariste.

"Mama kama bamama bengine. Sikumuangalia sana. Balisema anatoka Chinsapo."

Nilimtukana Evariste matusi ambayo mama wa kanisa hatakiwi kuyajua. Chabani hakumtukana. Alichukua spana, akaenda kufungua taa.

Jumamosi iliyofuata alipanda matola, pikapu ya kubeba abiria, kwenda Lilongwe, nami nikafuatana naye, maana sikuweza kumwacha aende peke yake. Tulisimama kando ya njia ya kuingia Chinsapo, mahali akina mama wanapopita na mabeseni. Akavaa kaske, taa kushoto. Wapita njia walicheka, wengine walitukwepa. Baadaye nikasikia sauti yake kutoka ndani ya sufuria, ndogo, ya mbali.

"Mama Arlène, kioo hiki sioni kitu. Unitazamie."

Nikamwambia sawa. Zena simjui hata kwa picha. Nikawa namkodolea macho kila mama aliyepita.