Elisha na Majibu Mazuri ya Serikali

Ukitaka kumjua Elisha wa Chisalaga, uliza kwanza habari za hatua mia mbili na kumi na nne. Hizo ndizo hatua za kutoka mlangoni kwake hadi kisima cha kijiji, na alizihesabu mwenyewe, maana Elisha haoni. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka minne. Lakini njia ya kisimani aliijua kwa miguu: arobaini hadi kwenye mzizi wa mgunga, hapo anakata kushoto, sitini na tano hadi ukuta wa kanisa, hapo fimbo yake inajibiwa na mwangwi, zilizobaki anakwenda tu akifuata soga za wanawake na mlio wa maji yakiingia ndooni.

Kila asubuhi alichota ndoo mbili, moja yake na moja ya dada yake Raheli, anayeishi naye ua mmoja. Mtu asiyeona kumchotea maji mtu anayeona! Jambo hilo lilimpendeza Elisha kuliko alivyopenda kukiri.

Sasa basi, pampu ya kisima ikaungua. Wanawake wakarudi kwenye yale mashimo ya mchangani, kule korongoni, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na saa mbili kurudi, kwa sababu kurudi kuna mzigo. Njia ile ina mawe na vichaka vya miiba, na hakuna fimbo ya kuihesabu. Elisha akawa wa kuletewa maji. Raheli hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akaanza kuoga kwa kikombe. Akaanza kusema hana kiu.

Kazi yake ni kusuka vitanda vya kamba, na mwenzake kazini ni redio. Inaning'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake, na Bunge linapokaa, saa tatu asubuhi hakuna mtu wa kumsalimia Elisha akaitikiwa kabla maswali hayajaisha. Alisoma kule Buigiri, shule ya wasioona, akajifunza kuandika nukta nundu, yale maandishi ya vitundu yanayosomwa kwa kidole. Basi kila swali lililomgusa aliliandika, na majibu yake, na tarehe. Karatasi zake alizifunga kwa kamba na kuziweka chini ya godoro. Watoto wa kijijini walidhani ni chekeche.

Mara ya kwanza mbunge wao, Mheshimiwa Gladness, alipouliza habari za kisima cha Chisalaga, uani kwa Elisha palijaa watu hadi kwenye banda la kuku. Naibu Waziri alijibu kwa sauti tamu, maneno yamepangika. Kisha Mheshimiwa akasimama, akasema anashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali.

Gerson, mwenyekiti wa kijiji, hakungoja zaidi. Mbunge mwenyewe kasema majibu ni mazuri, yeye ni nani abishe? Akaenda zizini kwake, akamtoa beberu, na jioni ile Chisalaga ikala nyama kwa ajili ya maji ambayo hayajatoka. Kesho yake watu walitega masikio wasikie lori la mafundi. Na keshokutwa. Mwezi ukapita, mifupa ya beberu ikaisha kutafunwa na mbwa, lori halikuonekana.

Elisha ndiye aliyegundua siri, baada ya kusuka na kusikiliza kwa miezi. Mbunge aliyeambiwa barabara yake isubiri alishukuru kwa majibu mazuri. Aliyeambiwa paa la hospitali litajadiliwa, naye alishukuru. Hata yule aliyeambiwa kwamba swali lake lilistahili wizara nyingine, naye alishukuru, majibu mazuri. Elisha akacheka peke yake mpaka kamba ikamponyoka. Kumbe kule shukrani ni hodi tu! Mtu hawezi kuingia na swali la nyongeza bila kubisha mlango.

Alipomweleza Gerson, mwenyekiti akasema kwa uchungu, "Kwa hiyo beberu wangu alikufa kwa ajili ya adabu za watu."

Swali likaulizwa tena, na tena, na kila mara likajibiwa vizuri. Mwaka wa tatu, Mheshimiwa Gladness akatuma salamu kwamba swali limepangwa tena, na safari hii anaalika wageni wawili waje kukaa jukwaani: mwenyekiti, na yule mzee wa redio ambaye wanasema anakumbuka kila kitu. Gerson alinyoosha suruali kwa pasi ya mkaa. Elisha alichukua fimbo yake, karatasi zake, na kile kichuma chake chenye ncha cha kutobolea nukta.

Getini, askari wa ukaguzi alikiona kile kichuma, akauliza ni cha nini. Elisha akamweleza ni kalamu. Askari akasema kwa heshima zote, mzee, hii kalamu yako inaweza kutoboa tairi, utaikuta hapa ukitoka. Kisha akazichukua karatasi, akazigeuza mbele na nyuma, akazinyanyua kwenye mwanga. Hazikuwa na wino hata tone.

"Karatasi tupu hizi," akamwambia mwenzake. "Mwache apite."

Ndivyo majibu ya Serikali ya miaka mitatu yalivyoingia bungeni, yamekunjwa kwenye mfuko wa koti.

Mheshimiwa Gladness aliwafuata kwenye sehemu ya wageni, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mwenye mwendo wa haraka; Elisha alimjua kwa visigino kabla hajafika. Akawasalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, kisha akamwinamia Elisha na kumpa shikamoo.

"Marahaba, Mheshimiwa. Una dakika ngapi?"

Alikuwa na kumi. Elisha akatoa karatasi zake, akaziweka magotini, kidole kikaanza kutembea. Akamsomea jibu la kwanza, la pili na la tatu, na tarehe zake. Mheshimiwa alianza kwa kutabasamu kama mtu anayemridhisha mzee. Kwenye la pili akafungua pochi, akatafuta kalamu. Kwenye la tatu alikuwa akiandika nyuma ya karatasi ya shughuli za siku, na hatabasamu tena. Alikiri kwamba yeye mwenyewe ana maswali ya vijiji sitini na kitu, na hakuwahi kuyapanga majibu ya Chisalaga moja baada ya jingine namna ile.

"Kuna jambo moja zaidi," Elisha akasema. "Leo usimshukuru."

"Mzee Elisha, ni utaratibu. Watasema sina adabu."

"Kwetu mtu hushukuru akishanawa mikono baada ya kula. Ukishukuru ugali ungali jikoni, mpishi atadhani umeshiba."

Gerson akakohoa na kuongeza kwamba yeye tayari alishatoa beberu, na hana mwingine wa kupoteza. Mheshimiwa hakuahidi kitu. Kengele ikalia, visigino vikaondoka.

Jukwaani mgeni haruhusiwi kusema, kupiga makofi wala kuguna. Gerson, ambaye katika mikutano ya kijiji hakuna anayemnyamazisha, alikaa amebana midomo kama mtu aliyemeza nyuki. Elisha kwake ilikuwa kinyume. Sauti zote alizozifahamu kutoka kwenye msumari wa nyumbani sasa zilikuwa zinatoka mahali mahali: huyu kulia, yule kule mbele, na mwenyekiti wa kikao pale juu. Akawa anamnong'oneza Gerson, huyu anayekuja sasa atasema yuko mbioni, na kweli, mtu akasimama, akasema wako mbioni.

Zamu ikafika. Mheshimiwa Gladness akaomba swali lake lipatiwe majibu. Naibu Waziri, sauti ileile tamu, akajibu kwa niaba ya waziri wake kama ifuatavyo: Serikali inatambua changamoto ya maji katika kijiji cha Chisalaga, na katika mwaka wa fedha ujao itatuma mafundi kwenda kubaini tatizo la kisima hicho.

Gerson akamshika Elisha mkono, akaubana. Hapo ndipo mahali pa shukrani. Elisha alizisikia pumzi za Mheshimiwa kwenye kipaza sauti, moja, mbili. Akafikiria njia ya korongoni, na mgongo wa Raheli, na kikombe chake cha kuogea. Akaona, kama mtu wa namna yake anavyoona, kwamba mama huyu akishukuru sasa, yeye atakufa akiwa mtu wa kuletewa maji.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Gladness akasema, "shukrani zangu nitazileta maji yakitoka."

Ukumbi ukacheka, meza zikagongwa. Akasubiri zitulie, kisha akasoma bila kupandisha sauti. Mwaka juzi Aprili, tuliambiwa mafundi watatumwa kubaini tatizo. Novemba, tukaambiwa limebainika, pampu imeungua, nyingine imeagizwa. Mwaka jana Juni, tukaambiwa pampu imefika, iko ghalani hapa mkoani. Leo tumerudi pale pale, mafundi watatumwa kubaini. Sasa swali lake la kwanza lilikuwa, pampu ile iko wapi? Na la pili, je, Naibu Waziri yuko tayari waende wote hadi ghalani, tena leo hii mchana, kabla hata Bunge halijaahirishwa?

Mwenyekiti wa kikao akamuuliza kama tarehe hizo ana uhakika nazo.

"Ushahidi ninao, Mheshimiwa Mwenyekiti. Ila atakayetaka kuusoma ajiandae na vidole."

Watu wakacheka bila kuelewa. Elisha alielewa, akashusha uso. Kule mbele karatasi zikafunuliwa, zikafunuliwa tena. Kisha Naibu Waziri akasimama, na tunapaswa kumtendea haki, hakupepesa maneno.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, niko tayari."

Miaka yote ya redio, Elisha hakuwahi kusikia jibu fupi kama hilo. Alipapasa mfuko atoe kichuma aliandike, akakumbuka kiko getini.

Saa nane mchana walikuwa ghalani, mbunge, naibu waziri, mwenyekiti wa Chisalaga aliyepata tena ruhusa ya kuongea na kuitumia yote, na Elisha na fimbo yake. Mtunza ghala hakuwa mtu mbaya. Aliwapeleka moja kwa moja nyuma ya rundo la mabomba, akawaonyesha sanduku la mbao. Pampu ilikuwa inasubiri barua ya kuichukua, barua ilikuwa inasubiri sahihi, na aliyetakiwa kusaini alihamishiwa mkoa mwingine tangu mwaka jana. Hakuna aliyekuja kuuliza, na yeye si kazi yake kutangaza.

Elisha akaomba aliguse. Akapitisha kidole juu ya mbao, akakinyanyua, akakisugua kwa kidole gumba.

"Tangu Juni," akasema. "Ninalisoma vumbi."

Naibu Waziri akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akaomba kalamu. Aliisaini ile barua pale pale, juu ya sanduku.

Mafundi walifika Chisalaga siku ya tisa. Walifanya kazi siku mbili, na watu walikaa pembeni wakiwaangalia, kwa sababu kijiji kilichowahi kusherehekea mapema hakiharakishi kusherehekea tena. Maji yalipotoka yalikuwa mekundu, kisha ya kijivu, kisha yakawa maji. Hakuna aliyechinja. Watu walikuwa na nguo za kufua.

Asubuhi iliyofuata Elisha akachukua ndoo zake. Raheli alitaka kumsindikiza, akamwambia akae. Arobaini hadi kwenye mzizi. Akakata kushoto. Mwangwi wa kanisa ulikuwa pale pale. Akafika kisimani, akashangaa: mia mbili na sita. Akafikiri labda amesahau kuhesabu, mpaka alipojisikia anatweta. Mzee mzima alikuwa anakimbia, wala hakujua.

Foleni ilikuwa ndefu na soga zilikuwa nyingi, na saa tatu ikapita Elisha akiwa hana habari. Kwa mara ya kwanza tangu ainunue ile redio, maswali yaliulizwa na kujibiwa bila yeye. Gerson ndiye aliyekuja akihema, simu sikioni, akitaka kumweleza kila kitu kwa pamoja. Mheshimiwa kasimama! Hakuwa na swali. Mwenyekiti wa kikao kamwambia si wakati wake, yeye kasema ana deni la shukrani na amekuja kulilipa, basi wakamruhusu. Kawataja Chisalaga. Kamtaja naibu waziri. Hata mzee mmoja asiyeona kamtaja.

"Na akasema majibu ni mazuri?" Elisha akauliza.

"Safari hii kasema."

Elisha akatikisa kichwa taratibu, mikono yake ikiwa imelowa hadi viwikoni. Mwanamke mmoja kwenye foleni akapaza sauti, mwenyekiti, sasa yule mbuzi wa sherehe yuko wapi?

"Mbuzi mlishamla," Gerson akajibu. "Tena mlimmaliza na mchuzi."

Walicheka wote, hata Elisha. Lakini ndoo ya kwanza ilikuwa imejaa, aliijua kwa mlio, na nyuma yake foleni ilikuwa inasogea.

"Nipishe, mwenyekiti," akasema, akiisogeza ya pili chini ya bomba. "Hii ni ya Raheli."