Waya wa Matano

Mwaka 1957, Mbeya nzima hapakuwa na fundi redio kama Matano. Waridi, mkewe, alilijua hilo na alijivuna nalo wazi. Ndiyo maana wanawake walipokataa chombo alichounda mumewe, yeye ndiye aliyesimama kukitetea.

Ilikuwa harusi ya Rukia. Bi Jaha, kungwi wa mji, sauti yake ilikuwa imekwisha kwa uzee, na ua ungejaa wanawake. Matano alikuwa ameunda kwa mikono yake amplifaya, kisanduku cha kukuza sauti chenye njia mbili: kipaza sauti na spika kwa wanaume barazani, na kipaza sauti na spika kwa wanawake uani. Kila upande ungesikia ya kwake tu.

"Mambo ya kungwi hayavuki ukuta," Bi Jaha alisema. "Hicho kisanduku kikitoa siri zetu je?"

"Hakitatoa neno, bibi. Kikitoa, nishikeni mimi," Waridi alijibu.

"Na wembamba huo, tutakushika wapi?"

Wakacheka, wakakubali.

Asubuhi ya harusi amplifaya ikawa inanguruma kama ng'ombe mgonjwa. Kila njia ilikuwa na waya wake wa ardhi, ukishuka hadi chuma chake kilichochomekwa chini. Matano akaukata waya wa wanawake, akaiunganisha njia yao na waya wa wanaume, mwembamba kama uzi. Mngurumo ukafa.

"Tujaribu kwanza, niseme huku, wewe usikilize kule?" Waridi aliuliza.

"Mke wangu, niachie kazi yangu. Kimya hiki hukisikii?"

Kimya alikisikia. Lakini njia mbili zikitegemea waya mmoja mwembamba, ya huku huvujia kule, kama mfereji mmoja unaponywesha mashamba mawili. Matano alilijua hilo vizuri. Haraka na sifa zilimziba macho.

Alasiri, Sheikh Selemani alimaliza dua barazani, watu wakatulia. Katika utulivu ule spika ya wanaume ikatoa sauti ya Bi Jaha, ndogo lakini wazi, akimfunza Rukia mambo ya chumbani.

Vijana wakaangua kicheko. "Kizime! Kizime kidude hicho!" baba yake Rukia alipiga kelele, bakora mkononi.

Uani hawakujua lolote mpaka kicheko na kelele hizo zilipopanda ukuta. Bi Jaha akakiweka kipaza sauti chini polepole. Hakumtafuta Matano. Alimgeukia Waridi.

"Umetuvua nguo, mwanangu."

Bi Jaha hakumfunda mwali tena mpaka anakufa. Watu wakaja kuchukua redio zao kwa Matano, hata zile mbovu. Mwezi haukuisha, mume na mke wakahamia Iringa.

Lakini mabasi ya Mbeya hupakia na maneno. Wiki ya tatu Waridi alikwenda kwa jirani kusaidia kuchagua mchele wa harusi. Alipovuka kizingiti mazungumzo yakakatika. Mwanamke mmoja akamsogezea ungo wa mchele kwa adabu kabisa, akamwonyesha pa kukaa: kule nje, karibu na mafiga.

Waridi akatoka na ungo, akaketi peke yake, akaanza kutoa mawe.