Lulu za Mwenye Eda

Najua wako watakaosoma haya waseme mama huyu kaota, au joto la Kibiti limempanda kichwani. Semeni. Mimi nilikuwa macho, ilikuwa mchana, na chai nimekwisha kunywa. Kama ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri kuliko hii niliyo nayo, maana katika kisa hiki mkosaji ni mimi mwenyewe.

Kazi yangu ni mapambo ya zamani. Nina kibanda hapa Kibiti, nauza shanga, hina na udi, lakini riziki yangu hasa ni kununua vitu vya kale: bangili za fedha, vipuli, mikufu ya mabibi. Nimezunguka Nyamwage, Ruaruke, hadi visiwani huko delta, nyumba kwa nyumba. Watu wengi wana kitu wamekifunga kwenye kitambaa chini ya godoro na hawajui ni nini.

Bi Mwajuma yeye alikuwa anajua. Aliishi kijiji kimoja cha delta, unakifikia kwa boti ya mashine kutoka Nyamisati, na mumewe alikuwa mkata mikoko. Fedha nilikuwa nikinunua kwake miaka na miaka. Safari hii ninayoisema nilimkuta amefiwa na mume, yumo ndani amekaa eda. Nikampa pole, nikakaa naye mkekani. Tulipokwisha kulia kidogo akaniambia kuna kitu anataka nikitazame.

Zilikuwa lulu, mkufu mzima. Nikachukua moja nikaisugua kwenye jino, taratibu. Lulu ya kioo huteleza. Ya kweli hukwaruza, kama ule mchanga laini unaobaki kwenye kisamvu kisichooshwa vizuri. Hizi zilikwaruza. Hazikulingana, kila moja na umbo lake, na kati ya moja na nyingine palifungwa fundo dogo la hariri ili uzi ukikatika isipotee zaidi ya moja. Rangi yake ilikuwa ya tui zito. Niamini, katika kazi hii yote sijapata kushika kitu kama kile.

Nikamwambia ukweli, kwamba ni lulu za baharini, za kale. Wachuuzi wawili waliotangulia walimwambia ni kioo tu, wakataka kuzichukua kwa bei ya khanga. Nadhani ukweli wangu ule ndio uliomfanya aniamini. Nikajaribu kuzinunua, akacheka. Zilikuja na mahari ya bibi yake mzaa mama, akasema, na zitakuwa za Mariamu, mjukuu wake, mtoto pekee wa binti yake aliyekufa. Mariamu yuko shule ya bweni Lindi.

Kisha akanieleza shida yake. Lulu inataka ngozi ya mtu. Ukiifungia inakauka, inakufa, na ikifa haifufuki. Tangu aolewe, lulu zile hazikuwahi kukaa wiki nzima bila shingo. Sasa mwenye eda hajipambi, binti hayupo, na shuleni kwa Mariamu mapambo hawaruhusu.

"Nivalie weye," akasema. "Zikae chini ya nguo. Usiku uzivue, uzipanguse kwa kitambaa kikavu. Usizitie manukato, usizifungie kwenye nailoni. Mie sikupi uuze, nakupa uziweke hai."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Mimi nililelewa nikiambiwa kwamba mwanamke mwenye mume havai pambo la mwenye eda, atauita ujane nyumbani kwake. Nilikuwa nimeolewa mara ya pili, ndoa haijatimiza mwaka, na yule mume nampenda. Ningemwambia tu: bibi, naogopa. Angenielewa, angemtafuta mwingine. Lakini nilitaka lulu zile ziwe karibu nami. Nilijiambia labda akitoka eda moyo utamlainika, aniuzie. Basi nikasema, "Nitazivaa, bibi." Tamaa na woga vikikaa nyumba moja, ukweli hauna pa kulala.

Sikuzivaa hata siku moja. Nilizitia kwenye mfuko wa nailoni, nikazitia kwenye kopo la biskuti, nikaliweka juu ya kabati, chini ya bati. Mnalijua bati la huku saa saba mchana.

Mwezi wa tatu tangu nizichukue nikafungua. Zimefifia. Ile rangi ya tui imeondoka. Nikafanya nilichozoea kufanya kwa fedha iliyopata weusi: ndimu na majivu. Bi Mwajuma hakuwa amenitajia ndimu. Nani angedhani mtu mzima, tena mjuzi, atazitia lulu ndimu? Zilipotoka zilikuwa kama ganda la yai. Nikapaka mafuta ya nazi, zikang'aa kidogo, kufika jioni zimerudi vilevile. Nilikaa chini nikalia, kwa sababu nilijua nimezimaliza.

Zimepita wiki mbili. Ijumaa, wanaume wako msikitini, mtaa umenyamaza, mvua imenyesha tangu alfajiri na matope yamejaa mbele ya kibanda. Nimeinama napanga shanga. Nainua macho, Bi Mwajuma amesimama ndani. Hodi sikuisikia.

Kitu cha kwanza kilichonijia si hofu, ni aibu kwa niaba yake. Mwenye eda anafanya nini barabarani? Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," hakuitika. Nikamuuliza amekujaje na eda haijaisha, hakujibu. Alikuwa na harufu ya kafuri na majani ya mkunazi. Miguu yake ilikuwa mitupu na misafi, na nje matope yanafika kwenye vifundo. Yote haya niliyaona. Kwa nini sikuyaelewa? Kwa sababu mwenye kosa haoni kitu kingine ila kosa lake. Nilikuwa nafikiria kopo la biskuti tu.

"Umezivaa?" akaniuliza.

"Nazivaa, bibi. Nimeziacha nyumbani leo kwa ajili ya mvua."

"Kila siku?"

"Kila siku. Wallahi."

Niliapa, siku ya Ijumaa, watu wako kwenye hutuba. Nilidhani sasa atasema twende nyumbani akazione. Badala yake macho yake yalilegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi nisamehe, mwanangu," akasema. "Mie nilikudhania vibaya. Siku tatu hizi nasema moyoni, yule kazifungia, hakuzivaa. Dhana ile imenilemea, na sitaki kwenda nayo. Nipe radhi."

Mnasikia? Yeye ndiye aliyeniomba mimi radhi.

Hata hapo nafasi nilikuwa nayo. Neno moja tu lingetosha. Nikasema, "Nimekusamehe, bibi." Akanipitishia mgongo wa vidole shingoni, polepole, kama anayekagua kitambaa, na vidole vilikuwa baridi kama maji ya mtungini. Akageuka akatoka. Nikakumbuka kuwa sijamkaribisha hata kiti, nikamfuata. Barabara ile imenyooka, unamwona mtu hadi mbali. Hapakuwa na mtu. Kwenye matope palikuwa na nyayo za ndala zangu za asubuhi, basi.

Magharibi simu ikalia. Mariamu. Alikuwa ameitwa kutoka Lindi baada ya bibi yake kuzidiwa. Akaniambia Bi Mwajuma alifariki alfajiri, wanawake wakamwosha kwa mkunazi na kafuri wanaume wakiwa msikitini, na alasiri wakamzika. "Siku tatu za mwisho alikuwa anakutaja wewe, shangazi," akasema. "Hakutulia." Nikakaa pale pale sakafuni na simu mkononi. 

Nilikwenda kwenye hitma, nikampa Mariamu lulu zake mbele ya wanawake. Akazivaa hapo hapo, akanikumbatia, akanishukuru kwa kutunza amana ya bibi yake. Mama mmoja mzee aliyekuwa akizijua lulu zile aliutazama mkufu, kisha akanitazama mimi, akarudi kwenye tasbihi yake. Afadhali angenitukana.

Tangu siku ile shingo yangu haipokei kitu. Mkufu wa dhahabu alionipa mume wangu, nikiuvaa asubuhi unang'aa, jioni umefifia kama sufuria ya kuchemshia mihogo. Fedha huwa nyeusi kabla ya adhuhuri. Hata shanga za plastiki hupauka. Nikimvalisha mtu mwingine kitu kilekile, kinarudi kung'aa. Wateja huniuliza, vipi mwuza mapambo ana shingo tupu? Nasema joto. Mume wangu mzima, alhamdulillahi, na ule ujane nilioukimbia haujabisha hodi. Kwa mganga sikwenda, maana najua nilichofanya.

Wiki iliyopita Mariamu kanipigia. Shule amekwisha maliza, atakuwa bibi arusi mwaka huu. Anazivaa kila siku chini ya nguo, usiku anazipangusa, hazigusi manukato. Anafanya yote niliyoagizwa mimi. Ila alikuwa na swali.

"Shangazi, bibi alikuwa akisema zina rangi ya tui. Mie naona bado. Nizivae muda gani zaidi?"

 Nikamwambia, "Endelea kuvaa, mwanangu." Na yeye, mtoto mwema, akaitikia kwamba ataendelea.

Wewe unayesoma, ukipewa amana usiyoiweza, ikatae mbele ya mwenyewe, hata akikuona mwoga. Na ukiwa umekwisha kuiharibu, mwambie angali hai. Atakasirika, atakutukana, labda hatakuja tena kibandani kwako. Hasira ya mtu aliye hai huisha siku moja. Aliyekuwa na haki ya kunikasirikia mimi ameondoka akiniomba radhi, na sijui nitampata wapi.