Zimamoto wa Mabosi na Fundi Aliyefukuzwa Kwenye Simu

Nyie wenye biashara mnaniudhi. Ndiyo, na wewe unayesoma hapa huku umemsimamisha mtu nje ya ofisi akusubiri. Mnafukuza watu kwa hasira, mdomo mbele akili nyuma, halafu moto ukishashika paa ndipo mnauliza, "Hivi sheria inasemaje?" Sheria ilikuwepo tangu jana. Mngeuliza jana.

Kuna dada mmoja anaishi kwa kuulizwa swali hilo. Kazi yake ni kuwashauri waajiri: mkataba uandikwe vipi, mtu aonywe vipi, muachane vipi bila kuburutana mahakamani. Wateja wake wanamwita Zimamoto. Jina halipendi, ila analiitikia.

Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la viatu. Kiti anacho, kizuri tu, cha kuzunguka, lakini hakikalii. Simu ikiita anasimama, akisimama anatembea: dirishani, mlangoni, dirishani tena. Muuza viatu wa chini akichoka hugonga dari kwa mpini wa ufagio. "Dada! Hapo juu unafuga mbuzi?"

Kila anayempigia huulizwa jambo moja kwanza. Umeshamwambia huyo mtu, au bado unafikiria kumwambia? Hapo husikika kikohozi, kisha, "Nilikuwa na hasira kidogo."

Safari hii aliyepiga alikuwa kaka yake.

Kaka mtu ana karakana ya kushona sare za shule, aliyoachiwa na mama yao alipostaafu. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, msimu ambao cherehani hazipoi na watu hawasemezani vizuri. "Mdogo wangu, niandikie barua haraka. Mkasi ametoroka kazini."

Mkasi ndiye fundi mkataji. Yeye hulaza vitambaa mezani na kuvikata kabla havijafika kwa washonaji. Akiharibu yeye, wote wameharibikiwa.

"Mkasi atoroke? Aende wapi?"

"Haji kazini, simu hapokei. Huko si kutoroka?"

"Kaka. Ulimwambia nini?"

Kikohozi.

Pale karakana wana mtindo wao. Kila msimu kaka mtu humfukuza Mkasi. "Toka! Usirudi!" Mkasi huvua aproni, huenda zake, na asubuhi huyo mezani, anauliza tu, "Bosi, tunaanza na sketi au mashati?" Washonaji wamefanya utani. "Mkasi, mwaka huu hujafukuzwa bado? Au unaumwa?" Kila mtu alidhani dunia ndivyo inavyokwenda. Lakini mazoea yana taabu.

Mwaka huu Mkasi alikata sketi za shule moja kwa kitambaa cha shule nyingine, rundo zima. Ni kosa la kweli, simtetei. Kaka mtu alikuwa mjini kutafuta vifungo, akapigiwa simu akaelezwa. Kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumfokea usoni, alirekodi sauti akaitupa kwenye kundi la wasapu la wafanyakazi.

"Nitumie hiyo sauti," Zimamoto alisema.

"Nimeshaifuta."

"Kabla watu hawajaisikiliza?"

"Wameisikiliza."

"Sasa ulifuta nini, kaka?"

Mshonaji mmoja alikuwa ameihifadhi, akamrushia. *Mkasi, wewe zee pumbavu. Macho yamekufa na akili imeyafuata. Usinikanyagie karakana yangu tena, umefukuzwa!* Zimamoto aliizima kabla haijaisha. Akazunguka chumba. Akaisikiliza tena, akaizima tena palepale.

Akampigia kaka yake. "Huyu hajatoroka. Umemfukuza, tena bila kumwita wala kumsikiliza. Nikiandika katoroka nitakuwa naandika uongo. Siku akikushtaki, washonaji wako wote ni mashahidi."

"Hao? Hao wanakula kwangu."

"Na mimi je?"

"Wewe ni damu yangu. Nani alikusomesha?"

Hapo ndipo alipomshika pabaya. Ni kweli, ni yeye aliyemsomesha, kila darasa. Akiandika barua ile, Mkasi ataondoka mikono mitupu akiitwa mtoro, na jina la mtoro humfuata mtu hadi kwenye karakana nyingine. Asipoandika, atakuwa amemgeuka kaka aliyemlea. Kabla hajajibu, ikaingia simu nyingine. Mama.

"Mwanangu, mwandikie kaka yako. Karatasi tu hiyo."

"Mama, karatasi tu ndiyo inammaliza mtu."

"Usinijibu kama niko kizimbani! Huyo si mteja, ni kaka yako."

Siku hiyo chai ilipoa mezani mpaka ikashika utando. Alishuka ngazi bila safari, akapanda tena. Akashuka. Muuza viatu akamtazama. "Dada, kama umepoteza kitu, sema tukutafutie." Hakucheka. Alipanda, akampigia kaka yake akiwa bado anahema.

"Barua siandiki. Tangaza kwamba umetengua ulichosema. Kisha mwite, mweleze kosa lake, aje na mtu anayemwamini, umsikilize ndipo uamue. Mimi nitakuwepo."

"Na nisipotaka?"

"Utafute mshauri mwingine. Na dada mwingine, kama wanauzwa mahali."

Kaka mtu alikata simu. Alikaa nayo hasira hiyo mpaka alipojaribu kukata mashati mwenyewe, yakatoka mikono miwili ya kushoto. Ndipo akatuma ujumbe: *Haya. Mwite.*

Mwaliko Zimamoto aliupeleka kwa mkono. Alimkuta Mkasi ameketi mlangoni kwake, vidole vinafunguka na kujifunga kama vinakata hewa.

"Njoo na mtu, Mkasi."

"Nani? Wenzangu wanaogopa kivuli chake."

"Yeyote. Kaka amekubali yeyote unayemwamini."

Mkasi akafikiri. "Yeyote kabisa?"

Siku ya kikao kaka mtu alikaa nyuma ya meza yake, anabonyeza kalamu, ta, ta, ta, mpaka Zimamoto akamnyang'anya. Mlango ukafunguka. Mkasi akaingia na shati lililopigwa pasi. Nyuma yake akaingia mama yao.

"Mama! Karibu, kaa huku," kaka mtu alisema, akivuta kiti upande wake.

"Leo sikuja kwako." Mama alikaa kando ya Mkasi, akaweka mkoba magotini. "Huyu kaja nyumbani akaniambia, mama, mimi kukata nilijifunza mezani kwako, sina mwingine wa kukaa naye. Ulitaka nimwambie nini?"

Zimamoto aligeukia dirisha kidogo, uso ukae sawa. Kisha akasoma kosa.

"Nilikosea," alisema Mkasi. "Mabunda yale mawili yanafanana na nilikuwa na haraka. Sikutazama lebo. Sina zaidi."

Kaka mtu aliinua mikono. "Sasa mbona hukurudi? Si kila mwaka nakufukuza!"

"Kila mwaka unanifukuza mimi, bosi. Mwaka huu umenifukuza mbele ya mwanangu." Mkasi alisema akitazama meza. "Maandishi madogo ya simu siyaoni, hapo hukusema uongo. Binti yangu ndiye hunifungulia ujumbe. Tulikuwa tunakula, akaibonyeza. Ikasema yote. Akanitazama, akaacha kula. Asubuhi ningeaga vipi, kwamba naenda kazini?"



"Nataka kuisikia," mama alisema.

"Mama, achana nayo, ni mambo ya..."

"Nimesema nataka kuisikia."

Zimamoto akaiwasha. Safari hii hakuizima. Ilipoisha, mama alifungua zipu ya mkoba, akaifunga.

"Na mimi nikamwambia mwanangu aandike uongo juu ya hii," alisema. "Mkasi, nisamehe. Wewe," akamgeukia mwanawe, "nilikuachia cherehani. Matusi haya sikukuachia."

Kaka mtu alimgeukia fundi wake. Sauti ilikuwa ndogo. "Mkasi... Nilivuka mpaka. Nisamehe. Na nitamwomba binti yako radhi mimi mwenyewe."

Mkasi akaitikia kwa kichwa taratibu.

Zimamoto alikuwa keshaanza kutembea, ukuta hadi ukuta. "Kwa sketi, onyo la maandishi, maana kosa ni kosa. Kazi yake iko palepale. Na wewe kaka, kuanzia leo mdomo wako hauna ruhusa ya kufukuza mtu. Ukikasirika nipigie. Ukinipigia ukiwa unafoka, nakata."

"Kwenye karakana yangu mwenyewe?"

"Tena hasa humo," mama alidakia.

Mkasi akasimama. "Nitarudi. Ila bosi, ukiniambia toka tena, hata kwa mzaha, natoka kweli."

"Nimeelewa. Basi si tuanze sasa hivi? Mashati yale..."

"Kaka!"

"Haya, haya. Kesho."

Mkasi aliondoka na mama, wameshikana mkono. Kaka mtu alibaki anasugua meza kwa kiganja. "Umenidhalilisha, mdogo wangu," alisema. Zimamoto akajibu kwamba anajua. Alitaka kukaa karibu naye, hakukaa. Akaenda kuwatafuta washonaji, awaeleze mwenyewe kilichoamuliwa kabla uvumi haujawaeleza.

Sasa wewe. Kuna mtu hakurudi kazini kwako kwa sababu ya neno ulilolirusha ukiwa umekasirika. Unamjua, hata sasa umeshamkumbuka sura. Usinijazie maoni hapa chini ukinieleza alivyokukosea. Weka simu, nenda kwake kwa miguu yako, leo, umwombe akusimulie yeye. Tafadhali, nyamaza mpaka amalize.