Kifuko Kilichovuja Mbele ya Baba Mkubwa

Nilipopata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea vifuko vya mafuta, kwetu Kilwa Kivinje hakuna aliyekuwa na neno na mafuta. Neno lilikuwa juu yangu. Nilikuwa mfamasia mwenye cheti, sina mume, na masomo yenyewe yalikuwa ya miaka miwili. Baba alisema mwenye kutoa ruhusa ni kaka yake. Baba mkubwa naye akasema kwanza nimweleze ninachokwenda kusoma, akielewa, ataamua.

Baba mkubwa alikuwa mwalimu wa madrasa, na aliandika kombe. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha, na mgonjwa akanywa yale maji. Miaka yote hiyo hakuna mgonjwa aliyemuuliza dawa ikishafika tumboni inajuaje pa kwenda. Mimi ndiye niliyejitia kulijibu swali ambalo halikuulizwa.

Nilimweleza kwa upole, na upole kwangu ni kazi. Nilimwambia dawa nyingine ni kali, ukiiachia mwilini inampiga mgonjwa pamoja na ugonjwa wake. Kwa hiyo inafungwa ndani ya vifuko vya mafuta, vidogo hata jicho halivioni, ipite kwenye damu salama na itoke ikishafika panapouma. Taabu ni kwamba vifuko vingi vinavuja njiani. Vya mafuta laini vinalegea kwa joto la mwili, na damu yenyewe inavinyonyoa kidogo kidogo. Vya mafuta magumu vinahimili zaidi. Halafu kuna kolesteroli, ukiitia kwa kiasi inaziba mianya.

"Kolesteroli," akasema baba mkubwa. "Si ndiyo ile daktari wa Lindi aliyonikataza?"

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Mimi nisiile, lakini wewe unakwenda kuwatilia watu kwenye damu."

"Ni kidogo tu, baba mkubwa."

"Siku hizi kila kitu ruksa," akasema, huku anatazama duka la jirani. Tangu biashara ya nje ifunguliwe lilikuwa limejaa sabuni za kila rangi, viatu vya mitumba, na mafuta ya kula ya ng'ambo yaliyoganda nusu ndani ya madumu.

Hasira zikanipanda. Nikamwambia aje kesho baada ya adhuhuri, nitamwonyesha kwa macho yake. Hakuna aliyeniomba, lakini mdomo huponza kichwa.

Ulikuwa mwezi wa saba, na asubuhi zile za kipupwe mafuta ya nazi ya mama yaliganda meupe ndani ya chupa, mpaka uyaweke juani ndipo upake nywele. Nikachukua vikombe vya kahawa na barafu niliyoomba kwa wanunuzi wa samaki, nikafinyanga vifuko viwili. Kimoja kilikuwa cha mafuta ya nazi matupu. Kingine nilikichanganya na mafuta ya ufuta, ambayo hayagandi hata uyabembeleze. Ndani nikatia maji yenye rangi nyekundu ya ubuyu, juu nikafunika kwa mafuta. Alfajiri nikavijaribu kwa maji ya mtungini. Cha ufuta kilivuja, cha nazi kikakaa kama kilivyo. Nilifurahi mpaka nikaosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yangu. Nikatengeneza jozi nyingine, nikaihifadhi kwenye barafu.

Mchana baba mkubwa alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Baba alikuja na mikono yake ya kazini. Alikuwa fundi kalafati, kazi yake kushindilia pamba kwenye mianya ya mashua na kupaka deheni chini, ile shahamu iliyochanganywa na chokaa. Maisha yake yote alikuwa akigombana na maji yanayopita pasipotakiwa. Alikaa pembeni.

Nikatumbukiza vifuko kwenye bakuli la kioo. Cha ufuta hakikuchelewa kutoa wekundu.

"Hiki ndicho cha mafuta laini," nikasema kwa sauti ya mwalimu. "Sasa kiangalieni cha pili."

Baba mkubwa akainama kukiangalia. Kifuko kikaanza kutoa jasho, na kilichokuwa cheupe kikawa si cheupe. Akanyoosha kidole kukiokoa, kikapasuka, na maji yakamrukia kifuani.

"Mgonjwa wako amekufa," akasema.

Maji ya bakuli mama aliyachota kwenye pipa lililoshinda juani. Nami, na cheti changu, sikuwa nimeyagusa hata kwa ncha ya kidole. Niliona aibu, na niliiona miaka yangu miwili inaelea mle bakulini. Nilitaka kulia, nikaona bora nikatafute kitambaa.

Baba akachovya kidole, akayasugua yale mafuta kati ya vidole viwili.

"Ulikijaribu saa ngapi?"

"Alfajiri, baba. Kwa maji ya mtungini."

"Chombo hujaribiwa kwa maji kitakayosafiria." Akafikiri. "Na hiyo aliyokatazwa kaka, kazi yake ni kukaza mafuta yasilegee?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ni chokaa. Shahamu peke yake bahari inaichukua siku ya kwanza. Sasa mnatia mafuta gani, na chokaa kiasi gani?"

Nilitamani kumjibu neno lolote lenye heshima. "Sijui, baba. Inategemea dawa. Hicho ndicho kinachotafutwa."

Baba akamgeukia kaka yake. "Kaka, hajui."

"Naona," akasema baba mkubwa, anafuta kanzu.

"Basi aende. Kifuko kingeshika, ningesema ameshamaliza kusoma, abaki."

Baba mkubwa alilitazama bakuli, kisha akanitazama mimi. "Aende," akasema. "Lakini kanzu ataifua kwanza."

Niliifua mara tatu. Rangi iliyokataa kukaa ndani ya kifuko ilikataa kutoka kwenye kitambaa. Siku ya safari alikuja stendi ameivaa, doa kifuani, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba mwanawe anakwenda ng'ambo kujifunza kulizuia hilo.